Kumbukumbu ya mradi, wiki ya tatu: kiuno cha mpira wa chuo kimekubali

Jana nusura niitupe jalalani mipira yote miwili ya futiboli ya Marekani ninayoilinganisha, wa NFL (ligi ya kulipwa) na wa chuo. Leo vipimo vimekaa sawa, na naandika kabla furaha haijapoa.

Mnaofuatilia mnajua kanuni. NFL inataka kiuno cha mpira, yaani mzunguko wake wa katikati, kiwe inchi 21 hadi 21¼. Vyuo wanaanzia 20¾ na kuishia hapohapo 21¼. Upepo ni uleule, PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 12.5 hadi 13.5, na uzito uleule, wakia 14 hadi 15. Basi mpira wangu wa chuo ulitakiwa uwe mwembamba kidogo kuliko The Duke, yaani mpira wa NFL. Wapi! Wiki mbili nzima ninapima, na kila mara wa chuo unalingana na mwenzake au unamzidi.

Nililaumu futikamba. Kweli lilikuwa na kosa lake, lilikuwa linapanda juu ya kamba za mpira. Nikaliacha, nikachukua ukanda wa karatasi, naukaza, naweka alama ya kalamu, kisha naulaza kwenye rula ya chuma. Karatasi haivutiki, futikamba la cherehani sitaligusa tena kwa kazi hii. Hata hivyo namba ziligoma.

Mchawi alikuwa gereji. The Duke ulikuwa unalala huko, na huu ni msimu wa baridi Ohio, wakati wa chuo unalala sebuleni kama mgeni. Mpira uliojazwa PSI 13 kwenye nyuzi 21 za Selsiasi ukifika sifuri unabaki na kama 11, na unasinyaa kidogo. Kelele za Januari 2015 kuhusu mipira ya timu ya Patriots kukutwa na upepo pungufu nilizisikia zote, na bado nikanaswa na jambo lilelile! Nimeilaza yote chumba kimoja usiku kucha, nikajaza 13 kwa geji ya dijitali (ya mshale nimempa mtoto achezee), nikapima: The Duke 21⅛, wa chuo 20⅞. Robo inchi tu, ila mkono unaijua.

Leo ilikuwa zamu ya mizani. Lakini nilipokuwa nafuta alama za kalamu kwa kitambaa kibichi, kidole kikateleza kwenye mstari mweupe wa mpira wa chuo, ile mistari ya inchi moja iliyo kwenye vipande viwili vya ngozi kandokando ya kamba. NFL hawana mistari hiyo. Kwa hiyo mizani imerudi kabatini, na sasa hivi kuna ndoo ya maji katikati ya sebule, nione kama mistari hiyo inateleza ikilowa.