Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu Afanyie Wapi Mazoezi?

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akianza kutweta, jamaa zake hapa Mombasa humwambia aketi, humwashia feni na kumkataza kazi zote. Ni huruma ya kweli, lakini ikiendelea kwa miezi na miaka humdhoofisha. Misuli ya miguu isiyotumika hupungua nguvu, na misuli dhaifu hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Kwa hiyo mgonjwa huzidi kutweta na huzidi kuketi. Mazoezi hayaondoi kovu lililoachwa na kifua kikuu, wala uharibifu ulioletwa na sigara au moshi wa kuni. Kazi yake ni kuijenga misuli ili pumzi iliyopo itoshe kwa mengi zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye hata kuoga humlazimu kupumzika.

Mama yangu mkubwa, mkaazi wa Likoni, alipona kifua kikuu akabaki na mapafu yenye makovu. Aliposhauriwa kufanya mazoezi, tulijiuliza ayafanyie wapi. Programu ya hospitalini kwa kawaida huchukua wiki nane au zaidi, mara mbili au tatu kwa wiki, chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa anayevuka feri, maana yake ni foleni, matatu na jua la kurudi, na huenda akafika amekwisha kuchoka kabla hajaanza.

Hata hivyo, siafikiani na wanaotaka kuiruka hospitali kabisa. Huko ndiko mgonjwa hupimwa kwa kutembea dakika 6 katika ukumbi ulionyooka, kwa kawaida wa mita 30, huku kifaa cha kidoleni kikionyesha kiwango cha oksijeni. Kikishuka chini ya asilimia 88, wataalamu wengi husimamisha zoezi na kutafakari upya mpango wote. Mtu wa namna hiyo, au mwenye ugonjwa wa moyo ambao haujatulia, asiachwe afanye mazoezi peke yake nyumbani.

Kwa wengine, nyumbani panafaa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Australia uliowahusisha watu 166 wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Waliofanyia mazoezi nyumbani kwa wiki nane walitembelewa na mtaalamu mara moja tu, kisha wakapigiwa simu mara moja kila wiki kwa wiki saba, na mwishoni uwezo wao wa kutembea haukuwa nyuma ya ule wa waliohudhuria kituoni. Ninaamini simu hizo zilikuwa na uzito mkubwa, kwani mgonjwa anayejua kwamba ataulizwa hujitahidi. Mashine hazikuwa lazima: kutembea, kuinuka kitini na kuketi tena, kupanda kidato na kushuka, na kuinua chupa zilizojazwa maji huweza kutosha. Kipimo ni mgonjwa mwenyewe: katika mizani ya 0 (hatweti kabisa) hadi 10 (kutweta kupita kiasi), pumzi imbane kwa kiwango cha 4 hadi 6, naye atoe hewa polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo.

Joto la pwani lina sheria zake. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, matembezi yawe baada ya alfajiri, mbali na majiko ya makaa na moshi wa magari. Anayependa ufuo angoje maji yapwe, atembee juu ya mchanga ulioshikana, kwa maana mchanga mlaini humtoa pumzi hata mzima. Kando ya bahari pale Mama Ngina pana njia tambarare na mahali pa kuketi, na kwa maoni yangu hapana pema zaidi kisiwani kwa anayeanza. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni, na maumivu ya kifua au kizunguzungu yakitokea, zoezi likome papo hapo na daktari aarifiwe.

Utafiti ule ule ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa hayakudumisha mafanikio yao. Ndiyo maana kwetu, wiki nane za mazoezi ya mama mkubwa nyumbani zilipokwisha, hatukuacha kumpigia simu. Wajukuu wamegawana siku, na kila mmoja humuuliza bibi ametembea hadi wapi na pumzi ilimbana kiasi gani.