Muvi za mapenzi ya ofisini na kile kioo kilichopasuka

Mimi muvi za mapenzi ya ofisini nazipenda sana, ila nyingi zinanikera kwa kitu kimoja, zinasahau mshahara. Watu wako kazini muvi nzima lakini hakuna anayeogopa kufukuzwa, hakuna anayewaza kodi ya nyumba, bosi anampenda msaidizi wake na sisi tushangilie tu. Wakati kazini anayekutongoza ndo huyohuyo anayesaini likizo yako, sasa hapana utaisemaje?

Ndo maana kila nikiirudia The Apartment ya Billy Wilder naona bado hakuna aliyeifikia. Ni ya 1960, ya rangi nyeusi na nyeupe, ilibeba Oscar 5 ikiwemo ya filamu bora. Baxter, yaani Jack Lemmon, ni karani wa kampuni ya bima New York, makao makuu peke yake yana wafanyakazi 31,259 na yeye anaondoka na dola 94.70 kwa wiki. Anaishi mwenyewe, basi mabosi wanaazima ufunguo wa kwake wapeleke michepuko yao, kuna siku anatolewa kitandani usiku anaenda kulala kwenye benchi la bustani mpaka anashikwa na mafua, na malipo yake ni kuandikiwa ripoti nzuri ili apande cheo.

Sasa kuna dada wa lifti, Fran (Shirley MacLaine), Baxter anampenda na hajui kama Fran ndo anayeletwa kwake na bosi mkubwa, Sheldrake. Siku moja anaokota nyumbani kile kikopo cha poda chenye kioo, kioo kimepasuka, anamrudishia Sheldrake maisha yanaendelea. Halafu inafika pati ya Krismasi ofisini, Baxter kashapandishwa cheo, kanunua kofia mpya ya kibosi, anamuuliza Fran imenikaaje, Fran anampa kioo chake ajitazame. Anafungua, mpasuko ni uleule. Sura yake imegawanyika pale kwenye kioo na kofia iko juu. Anachoweza kusema ni kwamba hiki kioo kimevunjika, na Fran anajibu najua, nakipenda hivyohivyo, kinanionyesha vile ninavyojisikia. Jamani. Hakuna aliyelia, hakuna muziki wa kukulazimisha, ila wewe unayeangalia unaelewa kwamba cheo na maumivu ya huyu kijana vimetoka kwa mtu mmoja, na vyote kavifungulia mlango mwenyewe.

Na usiku huohuo Sheldrake hana zawadi ya kumpa Fran, anatoa noti ya dola 100 akajinunulie kitu. Fran anaanza kuvua koti, anamwambia si umeshalipia. Kinachofuata baada ya Sheldrake kuondoka ni kigumu sana kuangalia, anameza vidonge vya usingizi, daktari jirani ndo anamuokoa. Watu wanaiita komedi, na kweli unacheka, ila Wilder hajaficha gharama.

Nyingine ninayoiheshimu ni The Shop Around the Corner ya Ernst Lubitsch, 1940, duka moja Budapest, wauzaji wawili hawapatani kabisa na kumbe ndo wanaandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Wengi wanakumbuka barua, mimi namkumbuka mzee Pirovitch, baba wa familia, mwenye duka kila akitaka maoni ya ukweli yeye anakimbilia ngazi apotee. Mtu mwenye watoto wa kulisha ndivyo anavyoishi kazini! Na Kralik, yule muuzaji wa kiume, anafukuzwa kazi siku ileile ambayo jioni yake alikuwa akakutane na huyo wa barua, anakosa hata ujasiri wa kwenda peke yake.

Halafu nikaangalia The Proposal ya 2009. Sandra Bullock anachekesha, hilo simnyimi, ila yeye ni bosi, yuko mbioni kurudishwa kwao Kanada, anamwambia msaidizi wake nioe la sivyo ndoto yako ya kuwa mhariri imeishia hapa. Hebu mgeuze bosi awe mwanaume na msaidizi awe binti, bado ungecheka? Hapa Tanzania kutumia cheo kudai ngono au upendeleo mwingine wowote ili umpe mtu kazi au umpandishe ni kosa, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, na bado tunajua yanayoendelea maofisini.

Kinachonifurahisha kwa Wilder ni kwamba Fran anapomkimbilia Baxter usiku wa mwaka mpya, jamaa kashaacha kazi, kakataa kutoa ufunguo, anafunga mizigo. Hakuna tena wa kumpa mwenzake cheo wala lifti ya kupanda, wanakaa kwenye kochi wanacheza karata.

Mdogo wangu wa kike ameanza kazi mjini kwenye ofisi kubwa, nimemwambia Jumamosi aje tuiangalie wote. Amelalamika haina rangi. Atakuja tu.