4,294,967,297: nambari isiyoenea kwenye kikokotoo cha dukani

Kile kikokotoo cha tarakimu nane ambacho wauza leso wa Biashara Street hujumlishia bei hakiwezi hata kuionyesha 4,294,967,297, maana ina tarakimu kumi. Lakini kinatosha kabisa kuthibitisha kwamba nambari hii si tasa, yaani inagawika bila baki kwa nambari nyingine zaidi ya 1 na yenyewe.

Ni 2³² ukiongeza 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kuwa nambari zote za ukoo huu (2 ikipandishwa hadi kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukiongeza 1) ni tasa, na tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii. Mwanahisabati Leonhard Euler aliivunja kuwa vigawo mwaka 1732.

Mbinu za darasani hazifiki mbali. Inaishia na 7, basi 2 na 5 zimetoka. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, basi 3 nayo imetoka. Ukiendelea kujaribu nambari tasa moja moja kwa mpangilio utapoteza jioni nzima. La busara ni kuchuja kwanza. Tuseme nambari tasa p inaigawanya bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa p hubakisha p−1, ambayo hapa ni sawa na −1. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, 2⁶⁴ inabakisha 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi cha 2 chenye baki hilo; baki 1 hurudi tu kila baada ya vipeo 64. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema 2 ikipandishwa hadi kipeo p−1 hubakisha 1. Kwa hiyo lazima p−1 igawike kwa 64. Nambari tasa za kujaribu sasa ni 193, 257, 449, 577, 641 na kuendelea. Chache mno!

Tuichukue 641. Anza na 2¹⁶, yaani 65,536. Igawanye kwa 641: kikokotoo kinaonyesha 102.24 na desimali nyingine. Hapa ndipo wengi hukosea, wakadhani baki ni 24. Chukua 102 pekee, zidisha kwa 641 upate 65,382, kisha toa: baki ni 154. Kwa kuwa 2³² ni 2¹⁶ mara 2¹⁶, sasa 154 mara 154 ni 23,716. Toa 641 mara 36, ambayo ni 23,076, linabaki 640. Usiitupe 641 kwa kuwa hukupata sifuri, kwani ile 1 bado hujaiongeza. 640 na 1 ni 641, imegawika. Hesabu nzima haikuvuka tarakimu tano.

Fanya vivyo hivyo kwa 193 utabakiwa na 109; kwa 257 ni 2; kwa 449 ni 325; kwa 577 ni 288. Zote zimeshindwa.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, na hiki kinaenea kwenye kioo. Je, ni tasa? Kama kingevunjika, kipande kimoja kingekuwa chini ya 2,589, maana 2,589 mara 2,589 inakizidi; na kipande hicho kingeigawanya pia nambari yetu kubwa, basi mchujo unakihusu. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas aliubana zaidi mchujo ule: p−1 lazima igawike kwa 128, si 64 tu. Chini ya 2,589 zinabaki nambari tasa tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawanya 6,700,417 kwa kila moja na mabaki, kwa mpangilio huo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri hata moja, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.