Kumbukumbu ya mradi: gemu la Lugalo, na magemu yote yaliyonifikisha hapa

Wadau mambo. Ramani ya Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, sasa inachezeka mwanzo mpaka mwisho bila gemu kujizima, kwa hiyo kabla sijahamia ramani ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, moja kwa moja ngoja niandike nilikofika na vitu nilivyoviokota wapi, maana kiukweli karibu kila kitu kwenye hili gemu kimetoka kwenye gemu lingine nililocheza zamani na sioni aibu kusema.

Kwa wageni: ni gemu la mkakati la zamu kwa zamu, wewe unacheza kisha adui anacheza, na lina uRPG ndani yake, yaani gemu la kuishi hadithi ya wahusika, kwa sababu wapiganaji wana majina, wanapanda levo na wanaongea. Linahusu Uhehe, nchi ya Wahehe hapa Iringa, na vita yao na Wajerumani kuanzia 1891 mpaka 1898. Nalitengeneza kwa Godot, ile injini ya bure iliyoanzishwa na jamaa wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na sababu ya kuichagua wala sio falsafa, ni kwamba laptopu yangu ya mtumba nikifungua injini zile kubwa feni inalia kama mashine ya kusaga. Mimi ni wa Mbeya ila kazi imenileta Iringa, nakaa Kihesa, na hiyo ndo imenifanya niache wazo la zamani la mazimwi na mapanga ya moto nikaanza kuangalia historia iliyopo hapa hapa barabarani.

Tuanze na RPG. Pale Mwanjelwa vibanda vya gemu vilikuwa vingi, TV ya chogo, PS2 moja au mbili, na asilimia kubwa ni mpira tu, Winning Eleven asubuhi mpaka usiku. RPG haikuwa na nafasi na sababu yake ni ya kibiashara kabisa: unalipia mda. Mpira dakika kumi umefungwa tatu umeondoka, RPG saa zima unazunguka kijijini unaongea na mabibi, tena kwa Kiingereza ambacho wote tulikuwa tunakisia, na mwenye kibanda hataki useve kwenye memori kadi yake kwa sababu kuna ligi ya watu humo. Kwa hiyo mtoto anayetaka Final Fantasy X analipa hela ileile kuangalia mwanzo uleule kila akija. Mi nilikuwa huyo mtoto. Ile ya mwanzo, mhusika mkuu Tidus kutembea kwenye mji wake wa Zanarkand, naijua kwa moyo, mwisho wa gemu nimekuja kuuona nikiwa mtu mzima.

Ila kuna kitu FFX walifanya ambacho nimekichukua kama kilivyo. Juu kulia kwenye skrini kuna orodha inaonyesha nani anafuata, na ukichagua pigo zito unaona jina lako linashuka chini kabla hata hujathibitisha. Yaani gemu linakuonyesha bei ya unachotaka kufanya. Hiyo orodha ipo kwenye gemu langu, pembeni kushoto, picha ndogondogo za wapiganaji, na dogo mmoja anayenisaidia kujaribu alishika haraka sana bila maelezo yoyote.

Upande wa mkakati nilianzia steshenari. Kulikuwa na steshenari moja ina kompyuta za kuchapia na mojawapo ilikuwa na Age of Empires, ile ya kwanza ya 1997, na kaka aliyekuwa anafanya kazi pale akimaliza kuchapa barua za watu anatuachia. Chakula, miti, jiwe, dhahabu. Wale makuhani wa wololo wanaogeuza askari wako anakuwa wa adui, dah, nani hajawahi kutukana. Na tulikuwa tunajua chiti kabla ya kujua kucheza, unaandika BIGDADDY linatokea gari jeusi linarusha makombora katikati ya watu wenye mikuki na vita inaishia hapo.

Nimeitaja hiyo chiti makusudi. Gari dhidi ya mkuki ni kichekesho kwenye Age of Empires, ila ndo hesabu yenyewe ninayotakiwa kuifanya kwenye Lugalo, na ilinichukua mda mrefu kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi.

Kilichotokea ni hivi. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimuita Nyundo, kilikuwa kinapanda kuingia Uhehe kwa mstari mrefu, askari wenye bunduki, wapagazi, punda, bunduki za mashine na mizinga vikiwa vimebebwa kama mizigo. Pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa ukiwa unaelekea Morogoro, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikuwa limejificha pembeni, silaha yao kuu mkuki. Pigano lilikuwa la dakika chache tu. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya kikosi chake ikaisha palepale.

Sasa ukiweka namba za kawaida za gemu haiwezekani. Bunduki inafika vigae vinne, yaani vile vyumba vya ramani, mkuki kigae kimoja, askari wanakumaliza ukiwa bado njiani. Ningeweza kuupa mkuki nguvu za ajabu ila huo ni uongo na mchezaji anaunusa mara moja. Jibu liko kwenye mda. Kwenye gemu langu kila kikosi cha Wajerumani kina hali mbili, safarini na tayari. Askari akiwa safarini anahitaji zamu nzima kuwa tayari, bunduki ya mashine inahitaji zamu tatu kwa sababu inabidi ishushwe kwenye punda na kufungwa. Bunduki iko palepale na makali yake yaleyale, ila haijafika mkononi. Baada ya hapo mkuki hauhitaji msaada wowote.

Kujificha nimekutoa Advance Wars, ile ya Game Boy Advance ya 2001 niliyoicheza kwa emuleta kwenye simu miaka mingi baadaye. Kule kukiwa na ukungu wa vita, yaani huoni sehemu ambazo watu wako hawajafika karibu, kikosi kikiingia msituni hakionekani mpaka adui asimame kigae cha jirani kabisa. Hiyo sheria moja tu imebeba ramani yangu yote. Mwelekeo nimeutoa Final Fantasy Tactics, nilicheza ile ya PSP kwenye emuleta ya PPSSPP: mtu akipigwa kwa nyuma ni vigumu kukwepa kuliko akipigwa usoni, ubavuni iko katikati. Mstari wa safari wote unaangalia mbele, ubavu uko wazi kilometa nzima. Ukiunganisha hayo matatu, mda na kichaka na ubavu, Lugalo inatokea yenyewe bila mimi kuilazimisha. Hapo nilifurahi kinoma, nikatoka nje nikanunua chipsi mayai.

Na raha zaidi ni kuona mtu mwingine anaigundua. Dogo wa kujaribu alianza kwa kuwarukia wa mbele, wa nyuma wakapata mda wa kujipanga wakamfyeka. Akarudia, akasubiri, mstari ukaingia taratibu mpaka katikati yake ikamfikia, ndo akatoa wote kwa mpigo. Hakuna mtu aliyemwambia.

Kuhusu kufa: nimefuata Fire Emblem, ukifa umekufa. Wahehe nao walipoteza watu Lugalo, kwa hiyo ushindi unaoishia na kila mtu hai sitaki uwe rahisi. Aliyebaki hai anahamia ramani inayofuata na levo zake, hii nimeipenda kwenye Battle for Wesnoth, gemu la bure kabisa lililoanzishwa na David White mwaka 2003, nilipewa kwa flashi na mshikaji wa chuo pale MUST, chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya. Wesnoth ndo ilinifanya nitumie vigae vya pembe sita pia, kwa sababu pembe nne zina ule ugomvi wa mshazari, je kwenda mshazari ni hatua moja au moja na nusu, mi sina mda huo.

Mambo ya kiufundi kidogo halafu niache. Pembe sita kwenye Godot zinachoreka vizuri ila kutafuta njia ni kazi, ile AStarGrid2D, kifaa cha Godot cha kutafuta njia, haina umbo la pembe sita, kwa hiyo natumia AStar2D ya kawaida na naunganisha kila kigae na majirani zake sita mwenyewe kwa skripti. Kwenye Godot 4.3 walibadilisha TileMap, kile cha kuchorea ramani, ikawa TileMapLayer, kila tabaka linajitegemea, ikabidi nihamishe ardhi, vichaka, mto na alama zote. Inachosha lakini ilivyo sasa ni nzuri zaidi, kichaka kikichomwa moto nabadilisha tabaka moja tu. Grafiksi bado ni za kipikseli nazochora mwenyewe na punda wangu wanafanana na mbwa, najua, msiniambie tena.

Watu wananiuliza kwa nini nisitengeneze tu modi, yaani kuligeuza gemu lililopo, ya Age of Empires II. Ni swali zuri. Wale mwaka 2015 walitoa nyongeza ya African Kingdoms wakaweka Wamali na Wahabeshi, Civilization V ina Shaka, na Kiro'o Games wa Kameruni mwaka 2016 walitoa Aurion ambayo ni RPG ya kwao kabisa yenye ulimwengu wao. Nimecheza hizo na nimezipenda. Ila modi ya AoE ingekuwa ni kujenga majumba na kuvuna miti, na hadithi ya Uhehe haikai kwenye umbo hilo, kwa sababu kila mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua inavyoisha. Tarehe 30 Oktoba 1894 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince anaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa anapigana msituni miaka mingine, Julai 1898 anajiua kuliko kukamatwa. Fuvu linapelekwa Ujerumani, linarudi 1954, leo liko makumbusho palepale Kalenga. Gemu la kujenga himaya linakuahidi himaya, mi siwezi kuahidi hiyo.

Kwa hiyo alama hazihesabu nani kashinda ramani. Zinahesabu nani bado yuko hai, nani bado anakuamini, na chakula kiko wapi. Final Fantasy Tactics inafanana kidogo na hili, mhusika mkuu Ramza anafanya kila kitu na kanisa linamfuta kwenye historia, na bado ni moja ya RPG nilizozipenda kuliko zote maishani.

Upande wa maongezi nimeenda taratibu. Nilipita Kalenga nikaongea na mzee mmoja wa pale, shikamoo babu, marahaba, nikamuonyesha kwenye simu. Akaangalia sana, akasema "kijana, huyu mtwa wako anaongea maneno mengi", mtwa ndo mtawala kwa Kihehe. Nikarudi nikafuta karibu nusu ya hotuba. Sasa Mkwawa anaongea mara chache na kwa ufupi, wanaoongea sana ni walio chini yake. Wanasalimiana kwa Kihehe, kamwene, wanajibu kamwene, baada ya hapo Kiswahili. Na mhusika anayenisumbua vizuri ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimsimika kuwa mtawala kisha mwaka 1897 wakamuua wenyewe. Huyo kwenye RPG ya kawaida angekuwa msaliti tu. Namwandika kama mtu aliyekuwa anahesabu vifo vya watu wake, na mchezaji ataamua mwenyewe kama anampelekea habari au anamficha.

Sasa Kalenga. Ramani ipo, kuta za mawe, mto Ruaha Mdogo pembeni, Prince na mizinga kaskazini. Nilimpa dogo ajaribu wikendi nikitegemea atapigana ukutani mpaka wabomoe. Unajua alichofanya? Zamu ya kwanza akafungua mlango wa kusini akatoa jeshi lote, wanawake, watoto, ng'ombe, wote wakaingia porini. Wajerumani wanapiga mizinga ngome tupu, gemu halijui la kufanya, linasubiri adui ambaye hayupo. Nikamuuliza mbona hivyo, akanijibu "si umesema watapigwa tu, nikae nini sasa".

Nimeamua nisimzuie. Mlango wa kusini unabaki. Ila ng'ombe wanapunguza mwendo kwa kigae kimoja, na maghala yaliyobaki ndani yanachukuliwa na Prince, kwa hiyo ukitoka na watu wote bila nafaka unaingia ramani ya msituni na njaa kuanzia zamu ya kwanza. Na huko msituni kuna lile dau la rupia 5,000 Wajerumani waliloweka kwa kichwa cha Mkwawa: kila kijiji unachokiomba chakula kinapungukiwa, kikipungukiwa sana uwezekano wa mtu kwenda kuripoti unapanda. Hiyo hesabu ndo naifanya wiki hii, ghala moja liwe na magunia mangapi na mtu mmoja abebe mangapi. Kwa sasa nimeweka mawili kwa mtu na wapagazi wanamaliza ghala haraka mno, najaribu moja.