Feni juu ya tangi la samaki

Leo mchana joto hili la Oktoba hapa Lubumbashi lilipandisha maji ya tangi langu hadi nyuzi 30, na samaki wangu wa Ziwa Tanganyika, waliozoea nyuzi 24 hadi 27, wakapanda juu wakihema, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Niliondoa kifuniko, nikatandaza wavu wasije wakaruka nje, kisha nikaelekeza feni ndogo kwenye uso wa maji.

Viwimbi vyembamba vikaanza kukimbizana, na mashavu ya samaki yakapunguza kasi taratibu.

Jioni kipimajoto kilionyesha 27.

Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, na hewa yetu, ambayo bado ni kavu, inasaidia sana, ingawa maji yaliyopungua lazima yajazwe.

Wenzangu wafugaji, umeme ukikatika mnafanyaje?