Nilivyosoma LSAT huku nafanya kazi usiku

Mtihani wangu wa kwanza wa majaribio nilipata 147. LSAT maksi zinaanzia 120 zinaishia 180, kwa hiyo 147 sio balaa, ila kwa vyuo nilivyokuwa navitaka ni bora ningekaa na hela yangu ya maombi mfukoni. Kwa mlioko nyumbani, huku Marekani hutoki form six ukaingia kusoma sheria, unamaliza digrii kwanza, hata iwe ya kilimo, ndo unaomba law school ya miaka mitatu, na vyuo vingi vinataka huu mtihani.

Niko Minnesota, nalea wazee zamu ya usiku, natoka saa moja asubuhi. Kosa langu la kwanza lilikuwa sifa tu. Nikajipangia masaa manne kila siku nikitoka kazini, yaani nafika, napiga chai, nakaa mezani mpaka saa sita, macho yameshafunga nasoma mstari uleule mara tatu, alafu kwenye daftari naandika "masaa 4" najiona mchapakazi kweli. Miezi miwili hivyo. Nikapima tena, 148.

Na vitabu sasa. Jamaa mmoja alinipa boksi zima nikashukuru Mungu, kumbe nusu yake ni ile michezo ya mantiki, ya kupanga watu sita kwenye viti, na ilishaondolewa tangu Agosti 2024. Wiki tatu nimepanga watu kwenye viti bure! Ndo nikahamia LawHub, tovuti ya LSAC, wenyewe wanaotunga huu mtihani, kuna mitihani ya mazoezi ya bure pale na inafanana na siku yenyewe.

Nikabadilisha kila kitu. Nikitoka kazini nalala kwanza. Naamka saa nane mchana, nakula, nasoma kwa saa moja na nusu basi, siku tano kwa wiki, Jumapili sigusi. Mtihani mzima kila baada ya wiki mbili. Na kila swali nisilo na uhakika nalo naliwekea alama, nikimaliza sikimbilii majibu, nayarudia yale yenye alama taratibu bila saa, naandika kwa nini nimechagua hili na yale mengine yana kasoro gani, ndo nasahihisha. Kama bila saa nalipata, shida ni spidi. Kama hata bila saa nakosa, shida sijaelewa. Mimi mengi yalikuwa ya kutoelewa, na muda wote huo nilikuwa nakimbizana na saa.

Lililonitesa zaidi ni neno "unless". Nilichora mishale mpaka basi. Siku moja nabadilisha shuka kazini ikanijia, hii si ndo ile "usipo" yetu? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ukimwona mtu hajajenga ukuta ujue ufa aliziba. Ila ukimkuta anajenga huwezi kusema hakuziba, labda ukuta umegongwa na lori. Jibu la mtego kwenye LSAT ndo hilo la kusema hakuziba, limekaa pale limevaa suti.

Sasa muda. Sehemu ziko nne, dakika 35 kila moja, tatu zinahesabiwa, moja ni ya kujaribia maswali yao na hujui ni ipi. Zile za mantiki, za kupima hoja, sio ile michezo iliyoondolewa, zina maswali kama 25, ukigawa sawasawa unapata sekunde 84 kila swali, na ukigawa hivyo umeumia, maana ya mwanzo mengi ni mepesi na ya katikati kuelekea mwisho yanakula muda. Mimi kumi ya kwanza nayamaliza ndani ya dakika 11. Nikisoma swali mara mbili halieleweki, nabonyeza herufi yoyote, naweka alama, naondoka. Ukikosea hukatwi kitu. Kuliacha swali kulinishinda kwa muda mrefu kuliko mantiki yenyewe, naona kama limenidharau.

Siku yenyewe nikaenda kufanyia kituoni, sio nyumbani, maana nyumba ina watu sita na mtoto wa dada hajui mtihani ni nini. Baada ya mapumziko ya dakika 10 ikaja sehemu ya kusoma ngumu ajabu, nikajiambia hii ndo ile isiyohesabiwa, nikatulia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa yenyewe.

Nikapata 159. Nikampigia mama Mwanza, akauliza juu ya ngapi, nikamwambia 180, akafurahi, nikaharibu mwenyewe kwa kumwelezea zinaanzia 120.

"Kwa hiyo mwanangu hata asiyejibu kitu anapewa 120?"

"Ndiyo mama."

"Basi wewe umepata 39."