Siku ya kufunga shule, wao walikwenda wapi?

"Umerudi, au umekuja?"

Shangazi aliniuliza hivyo usiku wa kwanza, hata viatu sijavua. Nimekaa ughaibuni miaka 16. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kazi, ndoa, na mbona nimekonda. Hilo sikulitarajia. Nikambusu mkono, nikamwambia nimechoka na safari, nikaingia kulala na sanduku langu likiwa vilevile, limefungwa.

Siku ya tatu nikaenda Mbweni, hapa Unguja, peke yangu, kwenye gofu la shule ya zamani ya wasichana, karibu na bahari. Utotoni tulipita pale tukikimbia. Niliamini kwamba pameitwa Mbweni kwa sababu palikuwa na mabweni. Sivyo, jina lilikuwapo kabla ya shule. Lakini bweni lilikuwapo kweli, na safari hii ndilo nililolifuata. Paa hakuna. Kuta za mawe zimesimama, matao yamesimama, na mizizi imepenya kila ilipopata ufa.

Mimi mwenyewe nimesoma bweni, bara, miaka 6. Atakayeniuliza nakumbuka nini, sitamtajia mwalimu wala mtihani. Nitamtajia wiki ya mwisho wa muhula. Siku tulizihesabu kwa chaki chini ya kitanda cha juu, usiku tukinong'ona nani atapokewa na nani stendi. Asubuhi ya kufunga shule tranka zilipangwa uwanjani tangu alfajiri, na hakuna aliyegusa uji. Njaa, kengele, matroni na filimbi yake, vyote vilivumilika kwa kuwa vilikuwa na mwisho, na mwisho wake ni nyumbani. Hata mwenzetu ambaye kwao hapakuwa na kitu, alikuwa na kwao.

Nilipokuwa nimesimama chini ya tao lile ndipo swali likanijia, nami nashangaa sikuwahi kuliwaza: wasichana wa hapa, siku ya kufunga shule, walikwenda wapi?

Tuanze na wavulana, maana wao ndio waliotangulia. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya Kiingereza ya UMCA alihamia Unguja, baada ya wenzake kufa kwa maradhi huko bonde la mto Shire. Alikuja na Edward Steere, mmisionari mwenzake. Sultani Majid akamkabidhi Tozer watoto 5 wa kiume waliokutwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio darasa la kwanza. Hawakuletwa na wazazi, hawakulipiwa ada, hawakuwa na barua ya kujiunga. Baadaye shule yao ikatulia Kiungani, kusini mwa mji. Wasichana wakapata yao Mbweni, kwenye shamba ambalo Tozer alilinunua mwaka 1871. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, watoto waliookolewa hawakukoma kuletwa.

Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa na wengineo. Lugha za mama zao zilikuwa mbalimbali, na wengine walitekwa wadogo mno kujua njia ya kurudi, hata jina la kijiji. Wakawekwa pamoja wakafundishwa kwa Kiswahili. Steere alikuwa anakijifunza na kukiandika wakati huohuo, na matbaa ya misheni ilichapa vitabu vyake hapahapa Unguja. Mwaka 1928, Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa kimekwishapita katika vinywa vya watoto hao miaka mingi. Ninapoandika haya nahisi nina deni kwao.

Wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Arthur Cornwallis Madan, yule mmisionari wa kamusi za Kiswahili, alizitafsiri simulizi hizo kwa Kiingereza zikatolewa kitabu mwaka 1887. Nilizisoma nikiwa mbali, usiku wa baridi, na sikuweza kuzimaliza kwa mkao mmoja.

Sitaki kuisimulia shule hii kama wema mtupu. Iliwapa watoto chakula na kalamu, ikawapa na majina mapya na dini mpya. Wasichana ambao hawakuelekea vitabu waliwekwa kwenye kufua, kushona na kupika. Ndoa nazo zilifungwa baina ya Kiungani na Mbweni, na hapo ndipo shule ilipokuwa baba, mama na mshenga kwa pamoja. Mtoto asiye na kwao hana pa kukimbilia akisema sitaki. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Na bado walijijengea maisha. John Swedi, mmoja wa wale 5 wa kwanza, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa mtoto akasomea Kiungani, alimwoa Lucy Magombeani wa Mbweni. Mwaka 1886 wakapelekwa Chitangali, upande wa Newala, kwa Wayao. Mwaka 1890 akawekewa mikono kuwa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Nimemfikiria sana Majaliwa jioni ile. Watu wanaosema lugha aliyozaliwa nayo wanamtazama anavyoshuka na mizigo, amevaa kizungu, Kiswahili chake cha Unguja. Sijui kama yuko aliyemuuliza lile swali la shangazi. Namfikiria Lucy zaidi, maana kwake Chitangali ilikuwa ugenini kabisa. Kwao, kwa namna alivyolelewa, palikuwa hapa nilipokuwa nimesimama. Mwishoni mwa miaka ya 1890 walirudi Unguja. Kwa Lucy naweza kusema "walirudi" bila kusita.

Mwalimu wa wasichana wa Mbweni, Caroline Thackeray, alikuja kutoka Uingereza mwaka 1877. Alipostaafu hakuondoka, alifia hapahapa mwaka 1926. Yeye alikuwa na kwao, akachagua. Wasichana wake hawakuchagua, lakini wengi wao waliolewa, wakazaa, wakazikwa katika ardhi hii.

Nilirudi magharibi imeshaingia. Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Nikakaa mkekani, nikavuta ungo upande wangu, tukachambua pamoja kimya.

Kisha nikamuuliza: "Shangazi, nguo zangu nizitie kabati lipi?"

"La marehemu baba yako," akasema, bila kuinua macho. "Nimelifuta vumbi tangu Ijumaa."